Kawa Nyeusi na Kilima cha Kutu

Mwanangu Halima,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama hasira itaniachia nafasi ya kuziandika. Umekwenda Ombaci kumuaga mwalimu wako, sanduku lako liko wazi kitandani, nami nimekaa kando yake na kalamu ya marehemu baba yako. Kesho asubuhi baba yako mdogo Rajabu atakuja na gari la jeshi kukupeleka Kampala, na kutoka huko utapanda ndege kwenda kusomea mawe. Habari za sweta, dawa na chakula cha ugenini watakupa shangazi zako. Wameanza tangu juzi na hawajachoka. Mimi nina jambo moja tu, na nimelimeza tangu jana.

Jana, mbele ya wageni wote, Rajabu alisimama katikati ya ua wetu hapa Oli, mjini Arua, sahani ya pilau mkononi na nyota za ukapteni mabegani, akasema, "Huyu mutoto yetu naenda soma mawe. Namaliza, narudi Koboko, naonyesha sisi dhahabu iko wapi. Si ndiyo, Halima?"

Na wewe, binti Khamisi, wewe uliyelala na kipande cha mwamba chini ya mto tangu una meno ya utoto, uliinama ukamjibu, "Ndiyo, baba mdogo. Nitakuonyesha mshipa wenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nikapiga. Nyumba ilikuwa imejaa watu na macho ya Rajabu yalikuwa juu yangu, basi nikapiga kigelegele, na tangu hapo sijapata usingizi wala hamu ya kula.

Nimekasirika, Halima. Rajabu nimezoea kumkasirikia, hilo halininyimi kitu. Nimekukasirikia wewe, kwa sababu yeye hajui na wewe unajua. Kile kilima anachokichimba huko Koboko hakina mshipa wa dhahabu. Umejua hivyo tangu ulipokuwa hujafika kiunoni mwangu, na aliyekufundisha amelazwa makaburini hatua chache kutoka hapa ninapoandika.

Nimekusimulia mara ngapi baba yako alivyorudi kutoka mgodi wa shaba kule chini ya Ruwenzori? Wenzake walirudi na baiskeli na redio. Yeye alirudi na kikohozi na gunia la mawe. Nilimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Nilimwambia mawe tunayo, Arua nzima ni mawe, ungeleta hata kitenge. Akacheka, akakutoa mgongoni mwangu, akakupa kile kipande cha duara kilichotolewa na mashine ya kutoboa mwamba, kizito, chenye mistari ya manjano na kijivu. Akasema, "Huyu ndiye atakayenisikiliza."

Ukamsikiliza kweli. Mimi nilikuwa nasuka ukindu pembeni, nikijitia sisikii, na ndivyo nilivyojifunza yote. Alisema mlima ule mkubwa wenye barafu, hapo ulipo, zamani palikuwa sakafu ya bahari. Nilimwambia anatia chumvi. Akasema haya, na tutie chumvi: maji ya chumvi yanaingia kwenye nyufa za sakafu ile, yanazama, yanazama, mpaka yanafika mahali ambapo mwamba una moto. Huko yanachemka bila kupata njia ya kutoka. Maji moto ya chumvi yana ukali wake. Yanauosha mwamba, yanabeba shaba yake, chuma chake, zinki yake, yanachukua na salfa, ile yenye harufu ya kiberiti kilichowashwa. Halafu yanapata ufa, yanapanda kwa nguvu, yanatokea juu kwenye bahari baridi. Hapo yanashtuka. Kila kitu yalichobeba yanakiangusha palepale, kama birika langu linavyoangusha magadi yake chini kila siku mpaka linakuwa zito kulinyanyua.

"Na birika hilo," alikuwa akikuuliza, "likichemshwa miaka isiyohesabika?"

"Linajaa!" ulikuwa ukipiga kelele.

Linajaa. Ndilo tabaka lenyewe, alisema, zito, metali na salfa zimeshikana hata udongo haupati pa kuingia. Kisha tope la bahari linalifunika, bahari inahama, ardhi inakunjwa na kusukumwa juu, na mwisho anakuja Khamisi wa Arua na taa kichwani kulichimba. Ulikuwa ukimwuliza kama bado bahari zinapika. Akakujibu kwamba mtaalamu mmoja pale mgodini aliwaambia meli zimekuta maji moto na tope lenye metali chini ya Bahari ya Shamu. Niliposikia hivyo niliacha kusuka. Babu yako, baba yangu, alikwenda kuhiji kwa kupitia Sudan na aliivuka bahari ile akitapika njia nzima. Baba yako akasema, "Mzee alikuwa anatapika juu ya jiko la Mungu." Nilimrushia kikapu, lakini nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Basi mtoto aliyelelewa na habari hizo ndiye jana aliyemvika Rajabu kilemba cha ukoka mbele ya watu.

Nakuandikia na ya kwangu pia, kwa sababu yananikera zaidi ya yako. Rajabu alipoanza kuchimba kilima kile nje ya Koboko, juu ya kijito cha bibi yako, mama yake mzazi, wewe ulikuwa bwenini shuleni. Sisi sote tulikuwa tumekijua kile kilima: kichwani chekundu kama sufuria iliyoachwa mvuani, majani hayaoti vizuri, mbuzi hawakai. Baba yako alituambia mara ya kwanza tulipomtembelea bibi yako. Kutu ile ni kofia, alisema. Chini yake yamelala mawe ya chuma na salfa, ya aina ileile ya mgodini ila machache. Mvua na hewa vimeshakula sehemu ya juu, ndiyo ikawa kutu. Mkiyaacha yamefunikwa yanalala. Mkiyafunua yanaamka na ukali.

Rajabu hakuwepo siku ile. Alikuwa koplo kambini huko kusini, na hata angekuwepo asingesikiliza. Baada ya serikali kubadilika akapanda cheo, akapewa duka mjini Arua ambalo hajui kuliendesha, na siku moja mtu akamletea jiwe la manjano linalong'aa kutoka kwenye kile kilima. Akaweka vijana wachimbe. Shimo likafika chini ya kutu, wakakuta mwamba wa manjano unaometameta, wakafyatua risasi hewani kwa furaha. Maji yaliyojaa shimoni waliyachota wakayamwaga kijitoni.

Kijito kikageuka rangi. Mawe yake yakavaa utando wa rangi ya machungwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kumsaidia bibi yako kuloweka muhogo, na nilikuwa na mzigo wa ukindu niliokwisha kuuchemsha na magome ya mgunga, ule wa kahawia. Nikauosha kwenye dimbwi lililo chini ya shimo. Halima, ukindu ulitoka mweusi! Weusi wa nywele za mtoto mchanga. Miaka yote tumenunua rangi nyeusi ya unga dukani, inapauka kabla ya Idi ya pili, na tangu Wahindi wenye maduka wafukuzwe hata hiyo haipatikani. Nami nimeipata bure mtoni.

Unadhani niliuliza kwa nini? Mke wa Khamisi, niliyesikia habari za mawe hayo kwa masikio yangu mawili? Sikuuliza. Nilibeba maji yale kwa madebe juu ya lori mpaka Oli. Wenzangu wasusi walinizunguka.

"Mama Halima, hii rangi iko muzuri sana! Umetoa wapi?"

"Iko Koboko," nikasema, nikijivuna kama kwamba kilima ni changu. "Kapteni nachimba, sisi napata rangi."

Nilimsifu Rajabu, umesikia? Nilimwombea dua. Tulisuka kawa za kufunikia vyakula, nyeusi na nyekundu, nyeusi na manjano, kila nyumba yenye harusi ikazitaka. Na nilisuka moja ambayo sikumwonyesha mtu, kubwa, nyeusi tupu na mstari mmoja mweupe unaozunguka mpaka kileleni. Hiyo nilikusukia wewe, ya kufunika chakula cha harusi yako siku utakapopenda.

Ya harusi ya binti wa rafiki yangu Mariamu hukuyaona, na hakuna aliyekueleza vizuri kwa sababu watu wanaona haya mbele yangu. Ndugu wa bwana harusi wamekaa, vyakula vimepangwa mkekani, kila sinia limefunikwa kawa niliyoisuka mimi. Unajua wale wazee wa kike wanavyotazama kawa kabla ya kutazama chakula. Mariamu akashika kishikio cha ya kwanza kuifunua. Kishikio kikabaki mkononi. Kawa ikamomonyoka juu ya pilau kama mkate mkavu, nyeusi yote, na nyekundu zikabaki pete tupu zisizoshikana. Akajaribu ya pili. Hivyohivyo. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akasema kwa sauti, "Hii watu nalisha sisi takataka?" Mariamu hakulia. Aliniangalia tu, na mpaka leo akiniona sokoni anapita upande wa pili.

Ndipo nilipouliza. Nilikaa na mabaki yale mapajani, nikayasikia maneno ya baba yako kama anakohoa pembeni. Mawe yakifunuliwa, hewa na maji vinayala. Salfa inakuwa tindikali, chuma kinayeyuka kwenye maji. Chuma kile kikikutana na magome ya mgunga kinakuwa cheusi, na weusi huo hauachi kula. Unakula ukindu polepole, kimya, mwezi baada ya mwezi, huku wewe unausifu. Nilikuwa nimejiambia niuze kwanza hizi, halafu nitauliza kwa nini maji ni mekundu.

Sasa sikia vizuri. Jana jikoni, nilipokushika mkono, uliniambia nini? "Mama, nyamaza. Acha nifike kwanza, nikishafika nitasema ukweli." Umeona? Ni maneno yangu yaleyale, umeyavalisha nguo za shule.

Na bibi yako je? Ulimwona juzi ulipokwenda kumuaga, uliona mikono yake. Ngozi ya vidole imechanika kwa kuloweka muhogo kwenye maji yale, na muhogo wenyewe unauma ulimi. Vyura wamekwisha. Sasa anafuata maji upande wa pili wa barabara, mzee yule, na fimbo. Nilipomwambia aje akae nami Oli alinitazama kama nimemtukana.

"Mimi hapana toka," akasema. "Shimo nakuja hapa kabla ya mimi? Mimi iko hapa kabla ya Rajabu. Yeye natoka."

Nilikwenda kwa Rajabu, hilo hulijui. Nilivaa gurbaba yangu, ile nguo ya heshima iliyotariziwa, nikamkuta barazani pa duka lake na maaskari wawili. Nilibeba jiwe lake moja na nyundo ya baba yako. Nikamsalimu kama shemeji anavyosalimiwa, nikamwomba anitazame. Nikaliweka jiwe sakafuni nikaligonga. Dhahabu ukiigonga inalala, inakuwa bapa. Lile lilitoa cheche, likasagika, likawa unga mweusi. Nikauweka unga kwenye makaa ya jiko lake la chai. Harufu ya kiberiti ikamfanya askari mmoja akohoe akatoka nje.

"Shemeji, hii hapana dhahabu," nikamwambia. "Hii iko chuma na salfa. Khamisi aliita pairaiti. Mama nakunywa hii maji. Funika shimo."

Rajabu alilifuta lile vumbi kwa kiatu. "Mwanamuke ya kusuka kikapu nakuja fundisha mimi mawe? Khamisi alikufa masikini na mawe yake. Hii kilima iko na dhahabu chini. Juu iko hii, chini iko dhahabu. Kama wewe nasema tena maneno hii mbele ya mutu, ile nafasi ya Halima, mimi nanyamaza tu. Mimi hapana fanya kitu. Mimi nanyamaza, na nafasi nakufa."

Nikachukua nyundo yangu nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilitaka kumpiga nayo. Mungu anisamehe, nilitaka hasa.

Basi najua kinachokufunga mdomo, usidhani sijui. Yeye ndiye aliyepeleka jina lako kwa wakubwa. Umesoma kwa taa ya kibatari mpaka macho yakawa mekundu, umewashinda wavulana wote, na bado nafasi yako imepitia mkononi mwa mtu asiyeweza kutofautisha jiwe na kipande cha sabuni. Hilo linanichoma kuliko yote. Ulistahili kwenda kwa miguu yako mwenyewe. Wanakufanya ushukuru kwa kitu ulichokipata kwa jasho lako, kisha wanakuomba uongo kama shukrani.

Lakini ulisikia alichosema baada ya wewe kuahidi. Wewe uliingia ndani kwa haya, mimi nilikuwa bado nimesimama na sinia. Aliwaambia wale maafisa wenzake, "Musomi yetu nasema mushipa iko. Kesho kutwa nafika Kampala na yeye, nachukua baruti." Baruti, Halima. Wanataka kupasua kilima mpaka chini. Leo lile shimo ni la kimo cha watu wawili. Ukoo wetu wote ukishika majembe, tunaweza kulijaza udongo wa mfinyanzi, tukaufunga mwamba usipate hewa, na kijito kikapona taratibu. Wakilipua, ni nani atakayekifunika kilima kizima? Wajukuu wa wajukuu wa bibi yako watakuta maji mekundu. Na ruhusa ya baruti hiyo ni neno lako la jana. Ukisema ukweli utakapofika huko ng'ambo, utakuwa unawaambia watu wa ng'ambo.

Sikuombi umtukane. Sikuombi hata ufungue mdomo, maana najua ukifungua utalia, umenirithi mimi. Katikati ya sanduku lako, kwenye nafasi niliyoiacha kati ya nguo, nimeweka ile kawa yako nyeusi yenye mstari mweupe. Imeliwa ndani, lakini haijavunjika kwa sababu tangu niisuke hakuna aliyeishika. Nimeibeba leo kutoka darini juu ya ungo, nikizuia pumzi. Nilitaka kuichoma moto. Kisha nikakumbuka kwamba kila mtu aliyekuwa kwenye harusi ya binti wa Mariamu anajua kawa hizi zinafanya nini, ila Rajabu tu, maana siku ile alikuwa shimoni kwake.

Kesho atakuja kubeba sanduku. Atataka useme tena ile ahadi mbele ya majirani, anapenda kusikia. Toa kawa umpe mikononi. Mwambie, kama utaweza kusema neno, kwamba imetoka kilimani kwake. Majirani wa Oli watajua, na yeye atabaki na vumbi vidoleni mbele yao. Sijui kama atakupeleka Kampala baada ya hapo. Huenda asikupeleke. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Ukikosa nafasi nitalia nawe mpaka tuchoke, halafu tutatafuta nyingine, na hutasikia lawama kinywani mwangu hadi nife.

Na ukiiacha sandukuni, sitakuzuia kupanda gari. Nitakubusu, nitakuombea safari njema, na nitawaambia watu binti yangu amekwenda kusoma. Ila gari likipita mashimo ya barabara ya Pakwach itavunjika, na siku utakapolifungua sanduku huko uendako utaikuta ndani ya mikunjo ya kila nguo yako. Utaikung'uta, na haitaisha.

Salamu nilikuahidi, basi zishike: bibi yako anakusalimu kwa mikono yake iliyochanika, baba yako angekusalimu kwa kukuuliza birika limejaa au bado, na mimi nakupenda kwa hasira yote niliyo nayo, maana sina njia nyingine leo. Nasikia sauti yako barabarani, unacheka na mtu. Naikunja barua naiweka juu ya nguo, utakapoisoma usinijie kuzungumza. Kesho nitasimama mlangoni, na uso wako sitautazama. Nitatazama mikono.

Mama yako